Mlingoti wa Mwanzi: Siku Nane Kutoka Morogoro hadi Matema Tukiufukuzia Mtandao

Nimechelewa kuiandika safari hii kwa sababu nusu ya daftari langu lililowa Tukuyu. Nimeiunganisha kutoka kwenye kurasa zilizopona na kwenye picha za Shemeji, ambazo nyingi, sijui kwa nini nilitegemea tofauti, ni za minara. Mtu amepita Kitonga, amepita Kitulo, amefika Ziwa Nyasa, na simu yake imejaa minara.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, fundi simu. Mimi natunza hesabu za wafanyabiashara watano, na kila tarehe 20 ya mwezi ritani zao za VAT lazima ziwe zimeingia. Gari ni Hiace kuukuu niliyoing'oa viti nikaweka kitanda, jiko la gesi la kilo sita, betri ya solar na meza ya kukunja. Kwa hiyo hii haikuwa likizo. Nilihamisha ofisi ikaenda kutembea, na ofisi yangu bila intaneti ni kitanda tu.

Jumamosi, 15 Februari 2025: Morogoro hadi Iringa

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Ndani ya hifadhi ya Mikumi spidi ni 50 na kugonga mnyama kuna faini, kwa hiyo tulikwenda taratibu tukawaona twiga wawili bila kulipia kiingilio. Chai na chapati mbili Mikumi mjini, 1,500 kwa mtu. Ruaha Mbuyuni joto, mibuyu na vitunguu kila upande wa barabara.

Kwenye mlima wa Kitonga tulikaa saa moja na nusu nyuma ya malori. Hapo ndipo tulipopima kwa mara ya kwanza. Shemeji alinizuia kuangalia mistari ya mtandao kwenye simu. "Hiyo mistari ni mapambo, Shem. Kila kampuni ya simu inaichora inavyotaka." Akabonyeza *#*#4636#*#*, ambayo kwenye simu nyingi za Android inafungua ukurasa wenye namba halisi ya nguvu ya mtandao. Namba hiyo ni hasi siku zote. Ukiona hasi 80 unakula raha, hasi 100 unaomba, na ukifika hasi 115 au zaidi simu inashika mtandao kwa jina tu. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kila pungufu ya kumi ni nguvu iliyogawanywa kwa kumi. Kutoka hasi 90 hadi hasi 100 siyo kushuka kidogo. Umebakiwa na sehemu moja ya kumi.

Ndani ya Hiace, milango imefungwa, tulisoma hasi 118. Nje, simu ikiwa juu ya paa, hasi 104. Mwili wa gari ni bati, na bati linaziba mawimbi ya simu kama sufuria yenye kifuniko. Ukienda na gari la namna hii, hata simu iliyobandikwa kwenye kioo inashinda iliyo mezani.

Ilula tulinunua sado ya nyanya 2,000. Iringa tuliingia jua linazama, tukalipa 15,000 kulaza gari kwenye uwanja wa gesti moja, bafu la maji moto likiwemo.

Usiku huo nikaitoa silaha yangu. Nilikuwa nimenunua repita mtandaoni kwa 280,000: antena moja nje, boksi katikati, antena nyingine ndani, na muuzaji aliapa kwamba mtandao utajaa gari zima. Shemeji aliigeuza, akatafuta alama ya idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hakuiona. Kifaa cha mawasiliano kisicho na idhini hakitakiwi kutumika, na repita mbovu inaweza kuuvuruga mnara mzima ukawakosesha mtandao watu wa mtaa. Nikasema basi tuiwashe dakika moja tu tuone. Akakataa, akanieleza kwa nini hata yenye idhini ingetusumbua. Antena ya ndani na ya nje zinatakiwa kuwa mbali. Kwenye Hiace ziko hatua moja, kwa hiyo ile ya nje inaisikia ile ya ndani, boksi linaikuza sauti yake lenyewe, linaikuza tena, na tena. "Umeshasikia kanisani mtu akisogeza maiki karibu na spika? Ile *wiiii*. Ndiyo hii, ila huisikii wewe, mnara ndio unaoisikia." Repita iliyotengenezwa vizuri hujizima ikifikia hapo. 280,000 zangu zikarudi chini ya kitanda, ziko huko mpaka leo.

Jumapili, 16 Februari: Iringa

Asubuhi tulipanda jiwe la Gangilonga. Jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na Shemeji akasema ndilo jiwe sahihi la kuanzia. Mji wote uko chini yako, na ukikaa unatazama unaanza kuona kitu ambacho watalii hawakipigi picha: minara iko wapi na inatazama wapi. Pale juu simu ilisoma hasi 71.

Tulichokuwa nacho cha halali kilikuwa ruta ya 4G yenye matundu mawili ya antena, antena mbili bapa za kuelekeza upande mmoja, na waya mwembamba wa mita kumi kwa kila antena. Kosa lilikuwa kwenye waya. Ule mwembamba wa bei rahisi unakula zaidi ya nusu desibeli (ndicho kipimo cha zile namba hasi) kwa kila mita, na kwenye masafa ya juu, yaani frikwensi kubwa, unakula zaidi. Mita kumi zinaweza kumeza desibeli tano hadi nane. Desibeli tatu ni nusu ya nguvu. Kwa hiyo unapandisha antena juu upate mtandao, halafu waya unaumaliza wote njiani ukishuka.

Shemeji akageuza mambo. Ruta yenyewe ipande juu na antena, ndani ya kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, waya za antena zibaki za sentimita thelathini, na kinachoshuka chini kiwe ni waya wa umeme tu. Wifi inashuka yenyewe hadi kwenye gari. Kopo 3,500 Soko Kuu, tundu moja upande wa chini ili maji yasiingie.

Ikabaki nguzo. Mabomba ya chuma yalikuwa ghali na mazito. Mzee mmoja aliyekuwa anauza nguzo za mianzi pembeni ya barabara tulimsalimia "Kamwene", akaitikia "Kamwene" kwa furaha, akatuuliza tunataka mwanzi wa nini. Shemeji akaonyesha rundo la mianzi mibichi iliyosimama nyuma ya nyumba, akasema mmoja kama ule. Mzee akacheka hadi akakohoa.

"Ule haukatwi, baba. Ule unagemwa. Ukiukata umekata pombe ya watu."

Kumbe ni mianzi ya ulanzi, na Februari ni msimu wenyewe, machipukizi yana vikombe vyake. Akatuchagulia mkavu wa mita sita, akaugonga kwa kidole pingili kwa pingili kutafuta ufa kama mtu anayechagua tikiti. 4,000. Ulanzi akatumiminia bure, kikombe kimoja cha plastiki kwa wote wawili. Ule wa asubuhi ni mtamu, wa jioni usiuchezee kama unaendesha.

Fundi wa kuchomelea tulimpata akitoka kanisani, shati jeupe limenyooshwa. Alivaa ovaroli juu ya shati, akatuchomelea kipande cha bomba kwenye bampa ya nyuma ili mwanzi usimame humo, na akatukatia kingine cha kuunganishia, maana tuliukata mwanzi vipande viwili vya mita tatu ili ulale juu ya paa. 10,000. Shati lilibaki jeupe.

Jioni tulisimamisha. Hasi 92 mezani ikawa hasi 74. Dakika kumi baadaye ruta ikazima, ikawaka, ikazima. Waya wetu wa umeme nao ulikuwa mwembamba. Betri ilikuwa inatoa volti 12 na nusu lakini juu kwenye ruta zilikuwa zinafika kumi na kitu. Tukabadilisha na waya mnene wa taa za gari. Mwenye kujaribu hili anunue mnene tangu mwanzo.

Jumatatu, 17 Februari: Iringa hadi Makambako

Isimila, penye zana za mawe za kale, tulipita bila kusimama, na bado najuta. Baada ya Mafinga, kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill, roli la mbao lilikuwa limelala barabarani na foleni ikasimama saa tatu nzima.

Mvua ilikuwa imenyesha na miti inachuruzika. Mlingoti ulisomeka vibaya kuliko Kitonga. Majani mabichi yenye maji yanayanywa mawimbi, na huko umezungukwa na msitu pande zote. Dereva wa basi aliyekuwa mbele yetu alituona tukihangaika na nguzo yetu akatuita twende juu ya tuta la kokoto kando ya barabara, hatua mia moja. "Sisi tukikwama hapa tunapigia simu pale, kwenye uwazi." Hasi 98, bila antena, bila chochote. Mama mmoja alifika na beseni la mahindi ya kuchemsha, 500 kwa moja, na kwa jinsi alivyojua pa kupita kati ya magari nadhani maroli hulala pale mara kwa mara.

Hapa niseme neno kuhusu laini. Tulikuwa na laini tatu za mitandao mitatu. Hakuna hata mmoja ulioshinda safari nzima. Ule uliotamba Iringa ulikufa Sao Hill. Ule ambao mke wangu anaucheka nyumbani ndio ulitutoa Tukuyu. Sitataja majina kwa sababu mwaka ujao mnara mmoja ukijengwa hesabu inabadilika. Chukua laini mbili au tatu zilizosajiliwa kwa jina lako, weka bando dogo dogo kila moja, usinunue bando la mwezi kwenye laini moja kabla hujaijua njia.

Makambako ni upepo. Mwanzi ulikuwa unayumba na antena inatazama huku na huku kama mtu anayekataa. Tukauvuta kwa kamba tatu za katani na vigingi. Chips kavu na kuku robo, 6,000.

Jumanne, 18 Februari: Chimala, kona 57, Matamba

Kutoka Chimala barabara inakwea ukingo wa milima kwenda Matamba kwa kona 57, na kuna watu wanaozihesabu. Nilifika 31 nikaacha kwa sababu ya tope. Gari lilipanda kwa gia ya kwanza karibu muda wote. Kijana wa bodaboda alitangulia mbele yetu kona kama kumi hivi bila kuombwa, akitupungia mkono upande usio na shimo, kisha akageuza njia yake akaondoka kabla hatujatoa hata soda.

Mtu asiye na gari lenye nguvu aliache Chimala apande gari za abiria.

Tulisimama kwenye uwazi mmoja karibu na juu kabisa. Usangu yote iko chini, bapa, mashamba ya mpunga yanameta, na barabara kuu ni uzi. Nikasema hapa ndipo ofisini. Nilikuwa na ritani nne tayari, nikataka kuzimaliza kabla ya Kitulo. Mwanzi ukasimama. Hasi 79! Kwenye mlima, porini. Nikakaa mezani, nikafungua ukurasa, ukazunguka. Ukazunguka mpaka chai ikapoa.

Shemeji alichukua dakika ishirini kuligundua tatizo, na ni jambo ambalo ningependa kila anayenunua antena ndefu alijue. Kwenye ukurasa wa ruta kuna namba nyingine, inaitwa SINR, inayosema mnara wako unasikika kiasi gani ukilinganisha na kelele za minara mingine. Yetu ilikuwa sifuri, mara inakwenda hasi tatu. Kutoka pale juu tulikuwa tunaiona minara yote ya bondeni kwa pamoja, na yote ilikuwa inatusemesha kwenye masafa yaleyale. Ni kama kuingia soko la Mwanjelwa, Mbeya, wauzaji kumi wakakuita kwa mkupuo: sauti unazipata, bei huipati.

Dawa ikawa kushusha. Tuliondoa kipande cha juu cha mwanzi, antena zikabaki mita tatu tu. Kisha tukalizungusha gari, na hili nalipenda zaidi ya yote, tukaliweka ubavu ili bati lake lizibe minara ya upande wa Igawa, na mwamba wa barabara uzibe upande wa pili. Ukabaki mnara mmoja, wa kule Chimala chini. Nguvu ilishuka hadi hasi 88. SINR ikapanda hadi 13. Ukurasa ukafunguka kabla sijakaa vizuri.

Bati lile lile lililotunyima mtandao Kitonga.

Ritani nne ziliingia kabla ya saa kumi jioni. Ya tano, ya mteja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ilikuwa inasubiri hesabu zake, na yeye alikuwa anasema "kesho asubuhi" tangu Ijumaa.

Usiku tulilala nje kidogo ya Matamba, bondeni, bila mtandao wowote. Bibi mmoja wa jirani alituletea viazi vya kuchemsha kwenye sahani ya bati na mkaa ndani ya kikaango ili tusigande. Tulimuuliza watu wa pale wanapigia wapi simu. Akanyoosha mkono gizani: kwenye kisiki, nyuma ya kanisa, uelekee barabara ya chini. Asubuhi tulikipata kisiki. Juu yake pamelainika kwa kukaliwa, na chini kuna vocha za kukwangua zilizochoka. Simu ya kawaida kabisa ilisoma hasi 101 pale na hasi 117 hatua nne pembeni.

Jumatano, 19 Februari: Kitulo hadi Mbeya

Kitulo ni mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, hifadhi ya taifa tangu 2005, na Februari ni maua tu, hadi unaogopa kukanyaga. Okidi peke yake ni zaidi ya aina arobaini. Askari aliyetutembeza alitueleza habari ya chikanda, mizizi ya okidi inayochimbwa na kuvushwa hadi Zambia kuliwa, na jinsi mtu anavyoweza kumaliza kilima kizima kwa jembe la mkono. Simu zilikuwa mfukoni, zimezimwa ili zisimalize chaji zikitafuta mnara. Hiyo nayo ni akiba: simu iliyokosa mtandao inatafuta tena na tena bila kupumzika, na betri inaisha mchana.

Kushuka kona 57 kwenye ukungu kulichukua muda mrefu kuliko kupanda. Dizeli tulijaza Mbeya, lita ikiwa kwenye 2,800 hivi.

Mbeya mistari ilijaa yote na hakuna kilichofunguka. Saa mbili usiku, Mwanjelwa, kila mtu yuko kwenye simu yake. Mnara wenye nguvu siyo mnara wenye nafasi. Ruta yetu inaruhusu kuchagua masafa, tukaitoa kwenye MHz 800, ambayo inafika mbali na kwa hiyo kila mtu yuko humo, tukaipeleka kwenye 1,800, ambayo haifiki mbali lakini mjini mnara uko karibu. Ikapata nafuu. Ruta isiyo na uchaguzi huo, amka saa kumi alfajiri. Mji wote umelala na mtandao ni wako. Wali wa Kyela na ndizi za nyama, 5,000, na nikarudia.

Alhamisi, 20 Februari: Tukuyu

Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita 70, unapita chini ya mlima Rungwe bila kuuona kwa mawingu. Tukuyu mvua. Siyo mvua ya kusubiri ipite. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku. Mteja wangu alipiga saa nne asubuhi: hesabu ziko tayari, anatuma.

Alituma picha kumi na mbili za daftari, kila moja nzito kama godoro. Simu ilionyesha 4G, mistari imejaa, SINR nzuri, na hakuna hata picha moja iliyoshuka. Mlingoti tulikuwa tumeushusha, maana radi zilikuwa zinapiga upande wa Rungwe, na mwanzi uliolowa wenye waya ndani yake siyo kitu cha kusimama nacho kwenye radi. (Wala usiusimamishe kamwe chini ya nyaya za umeme, hata jua likiwaka.)

Shemeji akatazama mnara kwa muda, kupitia kioo, akipangusa mvuke kwa kiganja. "Shem, hapa hatuna la kufanya na antena. Mnara tunaupata. Mnara wenyewe ndio haupati." Akanionyesha zile ngoma nyeupe za duara zilizofungwa juu yake. Minara mingi ya milimani inapokezana habari kwa ngoma hizo, mlima hadi mlima, kwa masafa ya juu sana, na mvua nzito ya aina hii inaweza kuikata hiyo njia. Au betri za mnara wa mbele zimeisha kwa sababu ya umeme. Kwa vyovyote, dawa ni mnara mwingine.

Tulirudi nyuma kuelekea juu, tukijaribu laini moja baada ya nyingine. Kwenye shule moja ya msingi kando ya mashamba ya chai, ile laini ya kuchekwa ikapata uhai, kidogo, ya kupigia tu, data inasoma E, yaani ile ya 2G ya kujikokota. Mwalimu wa zamu alitoka na mwavuli, tukamweleza. Akatuambia tuingize gari hadi kwenye varanda la darasa la tano, kisha akarudi ofisini akatoka na mkungu mdogo wa ndizi zilizoiva. "Kodi haisubiri mvua," akasema. Kumbe mumewe ana duka.

E haiwezi kushusha picha kumi na mbili. Nikampigia mteja simu ya kawaida, nikamwambia asitume kitu, anisomee. Ritani nilikuwa nimeshaijaza yote tangu Mbeya, zilibaki jumla za mauzo na ankara tatu. Akanisomea namba moja moja, polepole, kama anayetangaza kura, nami narudia kwa sauti, na wanafunzi watano wamejipanga dirishani wanarudia baada yangu. Hapo ndipo daftari lilipolowa.

Kisha tukasubiri mvua ilegee. Saa kumi na nusu jioni data ikapanda ikasoma H, yaani 3G, na nilipobonyeza kuwasilisha nilishika pumzi kama mtoto. Iliingia saa kumi na moja kasoro dakika nane. Darasa la tano walipiga makofi bila kujua kwa nini.

Tangu siku hiyo wateja wangu wote wananitumia jumla kwa ujumbe mfupi wa maandishi kwanza, picha baadaye. Ningelianza na hilo, ningeokoa pesa nyingi za antena.

Ijumaa, 21 Februari: Kyela hadi Matema

Joto lilirudi ghafla ukishuka Kyela, kakao na michikichi na mashamba ya mpunga. Tulisimama kula, nikaona saa ya simu inasema saa tano na saa ya Shemeji ya mkononi inasema saa sita. Tukabishana. Kisha ukaja ujumbe: karibu Malawi.

Mpaka uko karibu, na simu ilikuwa imeudaka mnara wa upande wa pili. Malawi wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo simu ikajirekebisha yenyewe. Salio la laini ile lilikuwa limeshaliwa 7,400 kwa programu zilizokuwa zinajisasisha kimyakimya. Kabla hujafika Kyela, zima data ya nje ya nchi kwenye simu na kwenye ruta, na uchague mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu.

Matema ni mchanga, maji matulivu, na milima ya Livingstone imesimama nyuma kama ukuta. Samaki mbasa wa kuchoma na ndizi, 12,000 kwa wawili, na usipa wakavu nikanunua wa kupeleka nyumbani. Mwanzi tuliusimamisha kwa mara ya mwisho, ukashika kwa jaribio la pili. Sikuwa na kazi ya kufanya. Shemeji alipiga simu ya video kwa dada yake akamwonyesha ziwa, kisha akamwonyesha mnara.

Jumamosi, 22 Februari: Lyulilo, na kurudi

Asubuhi soko la vyungu Lyulilo, vyungu vya Wakisi vinashushwa kutoka kwenye mitumbwi vimefungwa kwa nyasi. Vitatu kwa 10,000. Kimoja kilipasuka Kitonga wakati wa kurudi.

Mwenye banda tulilolaza gari alikuwa ameutazama mwanzi wetu tangu jana. Antena yake ya televisheni ilikuwa imefungwa kwenye mwembe, na mwembe ulikuwa umekua. Tulimwachia mwanzi pamoja na lile bomba la kuunganishia, naye akatujazia nusu kreti ya maembe. "Ndaga fijo," tukamwambia, asante sana kwa Kinyakyusa, akatusahihisha matamshi.

Kurudi kulikuwa siku mbili za barabara ile ile. Bando zote za safari, laini tatu, 46,000. Dizeli sisemi.